Tutora Aliyelaumu Kijiti

Wiki ile usingizi ulinikimbia kwa sababu ya video moja iliyokuwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu yangu. Swali lenyewe lilikuwa fupi: je, ni halali kumwonyesha mtu siku ambayo mwalimu wako alikosea, ikiwa yeye mwenyewe alikukataza? Nikilala ubavu wa kulia niliona ni halali. Nikigeukia wa kushoto niliona ni usaliti. Nikilala chali nilianza kuwaza kwamba labda katazo lake sikulielewa, na kama ningelielewa nisingekuwa na video yenyewe, na kama nisingekuwa nayo ningekuwa nimelala.

Aliyeniletea balaa hili ni binti wa mama yangu mdogo. Yuko Mocímboa da Praia, anasoma uhandisi kwa masafa, ile kozi ya kusomea nyumbani na kwenda kituoni kufanya mitihani. Alikuwa amefika kwenye métodos numéricos, yaani njia za kutafuta jibu kwa kulikaribia hatua kwa hatua, pale ambapo hakuna fomula ya kukupa jibu moja kwa moja. Alikuwa amepakua masomo ya bure kutoka mtandaoni, video na mazoezi na maelezo yake, akafuata kila mstari, na bado majibu yake yalitoka ya ajabu.

"Programu inanichukia, kaka," aliniambia kwenye simu.

"Nitumie ulichoandika."

Alinitumia, nami nikaona kosa kabla sijakaa vizuri. Alikuwa ameandika namba kama sote tulivyofundishwa shuleni, moja, mkato, tano, kwa maana ya moja na nusu. Programu ile, sawa na masomo yale, inataka nukta. Nilimwambia.

"Mkato tu?"

"Mkato tu."

"Wiki nzima nalia kwa sababu ya mkato. Kaka, mtu anayeshindwa na mkato atajenga daraja gani? Jumatatu naenda kituoni kufuta jina langu."

"Tutora wangu mwenyewe aliwahi kukosea hivyohivyo. Na sisi wote nyuma yake."

"Tutora? Acha kunibembeleza."

"Wallahi."

"Basi nionyeshe."

Na cha kumwonyesha nilikuwa nacho. Tatizo ni kwamba kwetu, video ikitumwa kwa binamu mmoja, kufikia saa ya chakula imeshazunguka mji. Kumtumia yeye peke yake na kuibandika mtandaoni ni jambo lilelile.

Tutora lilikuwa jina la kazi yake, na sijawahi kumwita vingine. Kozi hiyohiyo, niliyoisoma mimi kabla ya binti huyo, ilimweka pale Palma agawe vitabu vya masomo, asimamie mitihani, na ajibu maswali kama yakiwepo. Kufundisha hakukuwa sehemu ya kazi. Alifundisha kwa sababu, kwa maneno yake, kile kitabu cha métodos numéricos kiliandikwa na mtu aliyekuwa na hasira na watu. Basi kila Jumamosi asubuhi tulikaa kwenye baraza la nyumba yake, naye hutoka ndani na msiro usoni, uji wa mti uliosagwa, mweupe pe, kama mwanamke yeyote wa pwani anayetunza ngozi yake siku ya mapumziko. Wenzetu waliotoka juu, upande wa Mueda, walishtuka mara ya kwanza. Mmoja aliuliza kwa adabu kama Tutora anaumwa.

"Naumwa na kitabu hiki," alijibu. "Kaa chini, mwanangu, tuugue wote."

Darasa letu lilikuwa kompyuta moja ya mkononi iliyowekwa juu ya kinu kilichogeuzwa, na ndani yake masomo ya watu wa mbali. Yalikuwa ya bure, na Tutora alipenda kutukumbusha kwamba bure ya mtandaoni inakula mega za kununua. Kwa hiyo kazi ya kupakua ilikuwa ya mumewe. Yeye ni fundi wa friji, na alikuwa akiitwa kwenye kambi za wafanyakazi ambako mtandao ni mzuri. Akiwa anasubiri friji ipoe, simu yake inapakua. Jioni anarudi na masomo mfuko mmoja na skurubu.

"Wenzangu wake zao huwatuma samaki," alilalamika mbele yetu. "Mimi natumwa matrisi, majedwali ya namba."

"Na samaki pia nilikutuma," Tutora alimjibu. "Matrisi umekumbuka."

Katika masomo yale kulikuwa na mzee mmoja aliyefundisha kwa ubao na chaki, mtu mwembamba mwenye sweta, anayesema Kiingereza haraka kana kwamba kuna gari linamsubiri. Tutora alimwita Shemeji. Akibonyeza kitufe aanze kusema, humwamkia kwanza: "Salamu aleikum, Shemeji, leo umetuletea nini?" Kisha humwacha aseme kidogo, anamsimamisha, anatuelezea kwa Kiswahili, anabishana naye. "Hapo umeruka hatua, baba. Watoto wa watu wataipata wapi hatua hiyo?" Na mzee wa watu ameganda pale na mkono juu, chaki hewani, mpaka Tutora amalize kumsuta. Siku umeme ulipokatika katikati ya maneno yake, mwenzetu mmoja alisema Shemeji ameondoka bila kuaga. Tutora alikasirika kweli. Alisema mtu anayefundisha bila kukuomba chochote hatupaswi kumsema vibaya.

Kwa kweli aliwaheshimu mno watu hao. Kila tulipofunga kompyuta aliwaombea dua wote waliopandisha masomo, majina yao asiyajue, dini zao asizijue. Aliwaombea afya, na watoto wema, na umeme usiokatika. Nilikuwa naitikia amina huku nikiwaza kama umeme wa huko kwao huwa unakatika, na kama haukatiki, dua yetu inakwenda wapi.

Alikuwa na desturi moja iliyonitesa. Hakuna hesabu iliyoanza kabla kila mmoja hajakisia jibu kwa sauti. Njia hizi huanzia kwenye kisio, alisema, kisha kisio linarekebishwa, linarekebishwa tena, mpaka kosa linakuwa dogo kiasi cha kuvumilika. Kwa hiyo alizunguka baraza akinyoosha kidole. Watu walitaja namba bila aibu, nyingine za kipuuzi kabisa, naye aliziandika zote ukutani kwa mkaa. Ikifika zamu yangu mimi nilisema, "Inategemea, Tutora."

"Inategemea nini?"

"Inategemea mambo mengi."

"Taja moja."

Nilishindwa kutaja hata hilo moja. Basi nikapewa jina. Kuanzia mwezi wa kwanza mimi nikawa Inategemea, hata mumewe aliniita hivyo, na mama yangu siku aliponisindikiza aliulizwa kama yeye ndiye mama yake Inategemea. Alikubali.

Msije mkadhani alikuwa mtu aliyenyooka. Alitufundisha namna ya kukadiria kosa, na yeye akisema "nakuja sasa hivi" ulikuwa na muda wa kufua na kuanika. Alihimiza kila faili itunzwe mahali pawili, na faili zake zote zilikuwa kwenye kompyuta ile moja, juu ya kinu kile. Alituhubiria subira, kwamba njia ya hatua kwa hatua haitaki haraka, lakini kompyuta ikichelewa kidogo tu aliipiga kibao cha ubavuni na kuisemesha kama mbuzi aliyekataa kuingia zizini. Na aliyechukua kila kitu cha bure cha watu wengine hakutaka kutoa hata dakika moja ya kwake. Mimi nilikuwa namrekodi kwa simu kila Jumamosi, kwa sababu nilihofia kusahau, na baadaye kwa sababu nilihofia kwamba nisiporekodi siku moja, siku hiyo ndiyo itakayokuja kwenye mtihani.

"Rekodi," aliniambia. "Lakini usipandishe popote. Watu wa nje watanicheka."

"Mbona Shemeji amepandisha?"

"Shemeji amevaa sweta."

Sasa nije kwenye lile tangi.

Nyuma ya kiwanda cha barafu palikuwa na tangi la mafuta lililolazwa, la umbo la pipa. Tutora alilipenda kwa sababu ni hesabu nzuri: ukijua lori limemimina mafuta kiasi gani, kijiti cha kupimia kitalowa hadi wapi? Tangi likisimama hesabu ni rahisi. Likilala, fomula inagoma, na unalazimika kukisia na kurekebisha. Ijumaa tulikwenda wote, mlinzi akatuchovyea kijiti, kikalowa zaidi kidogo ya mita moja. Jumamosi tukakaa barazani kuona kama programu itasema hivyohivyo. Tutora alituandalia mfano, tukaunakili mmoja baada ya mwingine kwenye kompyuta ileile. Kila mmoja alipata jibu lilelile: zaidi ya mita moja na nusu.

Tutora alifurahi sana. "Mnaona? Wote tumekubaliana. Hii ndiyo hesabu."

"Lakini Tutora, kijiti," alisema msichana mmoja wa Tungue, aliyekuwa mwepesi wa kusema.

"Kijiti kina nini?"

"Kijiti kimesema vingine."

"Kijiti kimepinda."

Tukarudi kiwandani, kundi zima, Tutora mbele na msiro wake usoni, kwa sababu hakukumbuka kunawa. Mlinzi akachovya tena. Kikalowa palepale. Tutora akakishika kijiti, akakitazama kwa jicho moja kama fundi wa bunduki, akasema kimepinda kidogo. Mlinzi akakiweka juu ya sakafu ya saruji, kikalala sawasawa. Basi Tutora akasema ardhi ina mteremko. Tukatembea huku na huku tukitafuta mteremko. Kisha akasema lori lilipunjwa mafuta njiani. Hapo mlinzi alikasirika, kwa sababu dereva wa lori ni kaka yake, na ikabidi Tutora aombe radhi kwa niaba ya kozi nzima.

Yote hayo yamo kwenye video. Imo pia sehemu tuliporudi barazani, akamwasha Shemeji ili, kwa maneno yake, awe shahidi. Shemeji akaandika namba ubaoni. Tutora akamsimamisha. Akasogea. Akatazama ubao wa Shemeji, akatazama mfano wake, akatazama tena. Shemeji ameweka nukta. Sisi, kwenye ile moja na nusu ya tangi letu, tumeweka mkato. Programu haikulalamika hata kidogo: ilichukua ile moja kuwa ndiyo nusu ya upana wa tangi, na ile tano ikaitupa chini peke yake kwenye mstari, tumeipita mara zote bila kuiona. Tulikuwa tumepiga hesabu ya tangi jingine, dogo zaidi, ambalo halipo Palma wala popote.

Alianza kucheka polepole, kisha akakaa chini, kisha akajilaza juu ya mkeka akiwa ameshika tumbo, msiro umepasuka mashavuni kama udongo wa kiangazi. "Jamani, mlinzi wa watu!" alisema. "Nimemwambia ardhi ina mteremko!" Alipopata pumzi alisema jambo ambalo sijalisikia kwenye somo lolote la bure, na nimetazama mengi. Alisema Shemeji hawezi kutuonya juu ya kosa hili, na si kwamba ametunyima. Yeye hajawahi kulifanya. Kwao namba inaandikwa kwa nukta tangu utotoni. Kosa hili ni letu sisi tuliosoma kwa Kireno tukaenda kuchota kwenye kisima cha Kiingereza, na lazima tuambiane wenyewe.

Kisha akaniona na simu yangu. "Hiyo," alisema, akininyooshea kidole, "hiyo ndiyo usipandishe kabisa."

Jumamosi iliyofuata tulikuta kitufe cha nukta kimepakwa rangi nyekundu ya kucha.

Baadaye Palma ilivamiwa na tukatawanyika, kila familia na njia yake. Sitayasimulia hayo hapa, walioyaona wanayajua. Kompyuta ilibaki, na kinu kilibaki. Mimi niliondoka na simu mfukoni, ndiyo maana masomo ya Tutora yalipona, yote, kwenye kadi ndogo kuliko ukucha. Nilimaliza kozi nikiwa Pemba. Nimerudi sasa, napata vibarua vya kupima mifereji, na Tutora naye amerudi, anaishi kwa kaka yake Quitunda, nje ya Palma, kwenye nyumba zile za matofali zilizopangwa mistari.

Jumamosi hiyo, baada ya wiki ya kugeuka ubavu kwa ubavu, nilikwenda. Njiani nilijitayarishia hotuba tatu tofauti, kutegemea atakavyofungua mlango. Mlango ulikuwa wazi.

"Inategemea! Karibu, mwanangu. Umekonda, au unafikiri bado?"

Amepungua kidogo, na miwani imeongezeka unene, lakini sauti ni ileile. Nilimweleza yote: binti wa mama mdogo, mkato, Jumatatu, kufuta jina. Alisikiliza akimenya muhogo. Nilipofika kwenye video, kisu kilisimama.

"Hapana. Nitamrekodia nyingine, nzuri. Washa simu."

Akaingia ndani, akarudi amevaa kitenge kipya na mtandio uliopigwa pasi. Mumewe aliyekuwa anafungua mota ya friji uani aliamriwa asigonge kitu. Tutora akakaa wima, akatazama simu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, akaanza: "Ndugu wanafunzi. Katika kipindi cha leo tutaangazia matumizi sahihi ya alama ya kutenganisha sehemu ya desimali." Akaendelea hivyo, bila kupumua, bila kosa. Hakumwamkia Shemeji. Hakumsuta mtu. Hakuna aliyeulizwa anakisia nini. Alipomaliza alitabasamu.

"Hiyo ndiyo umpelekee. Vipi, imetoka vizuri?"

Nilikuwa na majibu mengi ya adabu. Ningeweza kusema mwanga ulikuwa mzuri. Ningeweza kusema nitaitazama nyumbani. Nilimfikiria yule binti akisikia "ndugu wanafunzi", akiona kitenge kipya na mama asiyekosea, na akijua kwa hakika kwamba yeye peke yake ndiye mjinga.

"Mbaya, Tutora," nilisema.

Huko uani bisibisi ilianguka.

"Mbaya vipi?"

"Haina wewe. Anayeitazama hii atafuta jina leo, hatangoja Jumatatu."

"Hata mimi huku nilianza kusinzia," mumewe alisema kutoka uani.

"Wewe hukuulizwa!" Lakini alinyoosha mkono. "Ilete hiyo ya zamani niione."

Tuliitazama pamoja, simu imeegemezwa kwenye sufuria. Alijiona akikitazama kijiti kwa jicho moja. Midomo yake ilijikaza. Alijiona akitafuta mteremko. Aligeuza uso kando, mabega yakitikisika. Ilipofika anapojilaza mkekani alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio wake wa pasi. Wengine waliokuwa barazani siku ile hatujui waliko, na sauti zao zote zimo humo, zikicheka.

"Yule wa Tungue alikuwa na mdomo," alisema. "Alisema kweli."

"Alisema kweli."

Akarudia muhogo wake. Nikangoja aseme ndiyo. Nilikuwa nimeshajua kabisa kwamba nikipata ndiyo yake nitalala.

"Katazo nimeliondoa," alisema mwishowe. "Lakini ruhusa sikupi. Nikisema ndiyo, wakinicheka nitakulaumu wewe. Nikisema hapana, binti akiacha masomo, nitakulaumu wewe vilevile. Kwa hiyo usinitazame mimi. Amua."

"Sasa, Tutora..."

"Kula muhogo kwanza."

Nilikula. Niliaga. Kurudi Palma nilipanda nyuma ya pikipiki, na kwa mara ya kwanza sikuwa na kitu cha kujadili na nafsi yangu, kwa kuwa wa kulaumiwa alikuwa ameshateuliwa. Nilinunua mega, nikakaa kwenye ukuta mfupi karibu na mnara wa simu, pale mtandao unapokuwa na nguvu. Nikaandika kichwa cha somo kwa Kiswahili: "Mkato na nukta: kosa tulilolifanya wote, pamoja na Tutora wetu." Kulikuwa na kitufe cha kutazama upya kabla ya kutuma. Sikukigusa. Niliipandisha kwa watu wote, nzima nzima, pamoja na mlinzi na kijiti na kicheko, na kiungo chake nikamtumia binti wa mama mdogo.

Mega ziliisha katikati, nikanunua nyingine. Ilipokamilika nilibaki nimekaa pale ukutani. Baada ya muda ukaja ujumbe wa sauti kutoka Mocímboa. Mwanzo wake ulikuwa kicheko kitupu, kisha akavuta pumzi: "Ardhi ina mteremko! Kaka, haki ya Mungu... na somo linalofuata liko wapi?"

Lilikuwa kwenye kadi. Nikaanza kulipandisha.